Watu waliobandikwa: kosa si la kompyuta

Mhariri,

Mtazamaji akiona mhusika amesimama mbele ya bahari huku nywele zake zikimeremeta kijani pembeni, husema kompyuta imeshindwa. Wahakiki huandika vivyo hivyo. Mtayarishaji naye, ambaye siku ya kurekodi ndiye aliyesema "tutarekebisha mbele ya safari", humgeukia fundi wa kuunganisha picha na kumtaka maelezo. Lawama hii inamwangukia asiyehusika, na madhara yake ni kwamba makosa yanaendelea kurudiwa kule yanakozaliwa: studioni, mbele ya kitambaa cha kijani ambacho baadaye huondolewa ili mandhari mengine yaingie, kabla kamera haijawashwa. Tunaomba nafasi tueleze kwa namba, maana bila namba jambo hili huonekana kama ubishi wa mafundi wa idara mbili.

Programu ya kuondoa kijani haimjui mtu wala kitambaa. Kwa kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, inasoma namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kisha inauliza: kijani kimempita mkubwa wa wenzake wawili kwa kiasi gani? Wazo hilo la kutoa rangi moja kutoka kwa nyingine lilijengwa na Petro Vlahos, mhandisi wa Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati skrini zilikuwa za buluu na kazi yote ilifanyika kwa filamu za kemikali. Hadi leo programu nyingi zimejengwa juu ya msingi huo.

Chukua kitambaa kilichomulikwa vizuri, chenye nyekundu 40, kijani 160 na buluu 60, tukihesabu namba zinazopanda na kushuka sawa na mwanga wenyewe. Kijani kimeizidi buluu kwa 100. Hiyo 100 ndiyo maana ya "hapa hakuna mtu". Uso wenye 150, 105 na 80 hauna ziada yoyote ya kijani, basi unabaki mzima. Sasa tazama unywele mmoja mwembamba unaofunika nusu ya pikseli. Unywele wenyewe ni 30, 22 na 18. Ukichanganyika nusu kwa nusu na kitambaa, kamera inaona 35, 91 na 39. Ziada ni 52, karibu nusu ya ile 100, na programu inajibu sawasawa kabisa: mtu yupo nusu, mandhari mapya yaingie nusu. Uzuri wote wa kazi hii umekaa kwenye nusu hizo na robo hizo. Moshi, shela, ukingo wa mkono unaopunga, maji yanayoruka, vyote vinaishi katikati ya kuwepo na kutokuwepo.

Halafu nenda kwenye kona ya kitambaa hichohicho ambako taa imepungua kwa stopu moja tu, yaani mwanga umekuwa nusu. Namba zake ni 20, 80 na 30. Ziada ni 50. Machoni pa programu, kona tupu na unywele wa mwigizaji sasa ni kitu kimoja. Nenda tena mahali ambapo taa imesogezwa karibu mno hadi kitambaa kimezidiwa na mwanga: 200, 255 na 210. Ziada ni 45. Nayo pia imefanana na unywele. Fundi akiambiwa asafishe kona ile, hana njia nyingine ila kuiambia programu kwamba kila chenye ziada ya 50 kihesabiwe kuwa hakipo, na papo hapo nywele zinaondoka pamoja na kona. Mtu anabaki na kichwa kama kilichokatwa kwa mkasi kutoka gazetini. Hapo hakuna kitufe cha kumwokoa. Taarifa iliyokuwa ikitofautisha nywele na kitambaa haikurekodiwa.

Ndiyo maana tunasema taa za kitambaa zihesabiwe peke yake, mbali na taa za mwigizaji. Mpangilio unaofanya kazi ni wa taa laini mbili kila upande, kila moja ikielekezwa kwenye nusu ya mbali ya kitambaa badala ya nusu iliyo karibu nayo, ili nguvu zao zipishane na kusawazishana katikati. Kisha pima. Gawanya kitambaa katika sehemu tisa, tatu kwa tatu, upitishe kipimamwanga kila sehemu. Tofauti ya theluthi moja ya stopu ni nzuri. Nusu stopu inavumilika. Zaidi ya hapo rudi kwenye taa. Asiye na kipimamwanga afungue grafu ya mwangaza kwenye kamera au monita: kitambaa kionekane kama mstari mwembamba uliolala, kati ya asilimia 40 na 50. Mstari ukiwa mnene au umeinama, kitambaa hakijasawazika, hata kama kwa macho kinapendeza. Macho hudanganywa kirahisi na rangi iliyokolea.

Kitambaa chenyewe kinyooshwe kwa mvuke na kivutwe kwa vibanio pande zote. Kunjo moja lina upande wa mwanga na upande wa kivuli, na mmeshaona stopu moja inavyofanya. Ukuta uliopakwa rangi ni bora kuliko kitambaa, mradi rangi iwe ya kufifia, isiyong'aa. Rangi inayong'aa hurudisha doa jeupe la taa moja kwa moja kwenye lenzi.

Kuna imani kwamba kijani kikiwaka zaidi ndipo kinapoondoka vizuri. Si kweli. Kiwango chake kiwe sawa na taa kuu ya mwigizaji au chini yake kwa nusu stopu. Kikizidi hapo, kitambaa kinageuka kuwa taa kubwa ya kijani inayommulika mwigizaji kutoka nyuma, na hapo tunaingia kwenye tatizo ambalo tungependa lizungumzwe zaidi kuliko mengine yote, kwa sababu miongozo mingi hulipita juu juu.

Kijani kinachomwagikia mwili hakiwadhuru waigizaji wote sawasawa. Tuseme kitambaa kinaongeza 30 za kijani kwenye shavu. Ngozi nyeupe yenye 200, 150 na 125 inakuwa 200, 180 na 125. Nyekundu bado inaongoza, programu haioni kitu. Ngozi nyeusi yenye 70, 48 na 38 inakuwa 70, 78 na 38. Kijani sasa kinaongoza kwa 8, na asilimia 8 ya shavu inageuka kuwa uwazi: mawingu ya nyuma yanaanza kuonekana usoni mwa mtu. Kitambaa ni kilekile, taa ni zilezile, na kosa linajitokeza kwa mmoja na kufichika kwa mwingine. Ongeza hapo mng'ao wa jasho au mafuta kwenye paji la uso na mashavu, ambao huakisi kijani kama kioo, na utaelewa kwa nini maelekezo yaliyotungwa kwa ngozi nyeupe hayatoshi.

Tiba ya kwanza ni nafasi. Mwigizaji asimame angalau mita 3 kutoka kwenye kitambaa. Mita 2 ni mwisho wa uvumilivu. Umbali huo unapunguza kijani kinachomfikia, unatupa kivuli chake chini badala ya kwenye kitambaa, na unakifanya kitambaa kitoke nje ya fokasi hadi mikunjo midogo ipotee. Tiba ya pili ni kuficha kijani kisichohitajika. Kinachotakiwa ni kijani nyuma ya mwili na kiasi kidogo pembeni mwake, basi. Kuta za kijani zilizobaki kushoto na kulia zifunikwe kwa kitambaa cheusi, kwa sababu zinammwagia mwigizaji rangi bila kuisaidia picha. Tiba ya tatu ni poda usoni na taa kuu inayotosha, iliyopangwa kwa ajili ya ngozi ya huyo aliyesimama hapo, kisha mwanga wa kitambaa ushushwe kumfuata yeye.

Wapo wanaoweka taa ya nyuma yenye rangi ya majenta ili kuua kijani kwenye mabega. Tunawasihi waache. Majenta hiyo haipungui inapotakiwa kupungua. Inabaki kama mstari wa waridi ambao hauna maelezo katika mandhari yoyote.

Kijani kilichobaki baada ya hayo yote huondolewa kwa hesabu, na hapa fundi ana uamuzi wa kweli wa kufanya. Kanuni ya kwanza inasema kijani kisimzidi mkubwa kati ya nyekundu na buluu. Ile ngozi yetu ya 70, 78, 38 inakuwa 70, 70, 38, yaani ya manjano, kama ya mgonjwa. Kanuni ya pili inasema kijani kisizidi wastani wa hao wawili: 70 na 38 wastani wake ni 54, karibu kabisa na 48 ya awali. Kwa uso, kanuni ya pili inafaa. Lakini mvishe mtu huyo shati la manjano lenye 200, 180 na 40, na wastani utakishusha kijani hadi 120. Shati linageuka la chungwa. Basi uso na shati vitenganishwe, kila kimoja kipewe kanuni yake. Wasimamizi wa mavazi wangeulizwa mapema, kazi hiyo isingekuwepo.

Kuhusu kamera, tatizo kubwa halionekani kwenye monita. Kamera nyingi hurekodi rangi kwa uchache kuliko mwangaza. Katika mfumo unaoandikwa 4:2:0, picha ya pikseli 1920 kwa 1080 ina rangi ya 960 kwa 540 tu. Pikseli nne zinagawana rangi moja. Jicho halijali, lakini programu inayoishi kwa rangi inaona ngazi badala ya ukingo. Mfumo wa 4:2:2 unatoa 960 kwa 1080, na 4:4:4 unatoa zote. Ikiwa kamera iliyopo haina zaidi ya 4:2:0, rekodi kwa 3840 kwa 2160 kisha ipunguze hadi 1920 kwa 1080: kila pikseli ya mwisho itapata rangi yake. Chagua biti 10 kuliko biti 8, kwa kuwa ngazi 1024 zinashika kivuli laini ambacho ngazi 256 hukikata vipande. Zima ukali wa bandia wa kamera, maana unachora mstari mweusi na mweupe kuzunguka mwili, na mstari huo hautoki. Zima pia kilainisha chenga, vile vijidoa vinavyochezacheza kwenye picha. Chenga zikihitaji kutulizwa, zitulizwe kwenye nakala inayotumika kutengeneza kinyago (ramani ya wapi mtu yupo na wapi hayupo) peke yake, na picha yenyewe ibaki ilivyo.

Tundu la lenzi la f/4 hadi f/5.6 huacha kingo za mwili zikiwa kali bila kuivuta mikunjo ya kitambaa mbele. Kwa fremu 25 kwa sekunde shata huwa 1/50. Mikono ikienda kasi sana, 1/100 hupunguza ukungu unaochanganyika na kijani, na ukungu mwingine huongezwa baadaye. Tusizidishe hapo, mwendo huanza kukatakata.

Kwa nini kijani na si rangi nyingine? Katika kihisi cha kamera nyingi, kila vijisehemu vinne viwili ni vya kijani, kimoja chekundu na kimoja cha buluu, kwa hiyo kijani kina chenga chache na kinahitaji mwanga mdogo. Buluu inabaki na kazi yake palipo na mimea, mavazi ya kijani, au mandhari ya usiku ambamo kingo zikibaki na ubuluu kidogo hazitamshtua mtu.

Anayetilia shaka kwamba ushindi unapatikana studioni na atazame mbinu ya mvuke wa sodiamu, ambayo Vlahos na wenzake waliifanikisha na ambayo ilitumika katika filamu ya Mary Poppins ya 1964. Skrini ilimulikwa kwa taa za sodiamu, zenye mwanga wa manjano wa upana mdogo sana, karibu nanomita 589. Ndani ya kamera, prizimu ilitenga mwanga huo na kuupeleka kwenye filamu ya pili ya rangi nyeusi na nyeupe. Kinyago kilizaliwa pamoja na picha, sekunde ileile, na shela na nywele zikapita bila kuchubuka. Mwaka 1964 kompyuta haikuwa na sehemu katika kazi hiyo. Kilichokuwepo ni mwanga uliopangwa kwa nidhamu.

Tumekaa sana kwenye kijani. Lakini picha inaweza kukatwa kikamilifu na bado mtu akaonekana amebandikwa, na mara nyingi sababu ni mstari wa upeo, pale mbingu zinapoonekana kukutana na ardhi. Kanuni yake ni ya uhakika: juu ya ardhi tambarare, mstari wa upeo unapita mwilini mwa kila aliyesimama kwa urefu uleule wa kamera. Mandhari yakipigwa kamera ikiwa mita 1.6 kutoka chini, upeo unapita kwenye macho ya watu wa kimo cha kawaida, walio karibu na walio mbali. Kisha studioni kamera inashushwa hadi mita 1 ili mhusika aonekane shujaa. Ukiziunganisha, ama anaelea, ama ni jitu, na mtazamaji ambaye hajawahi kusikia habari za upeo anajua tu kwamba kuna uongo. Hakuna kukuza wala kusogeza kutakakoondoa hitilafu hiyo, kwa sababu kamera mbili ziliiona dunia kutoka sehemu mbili.

Basi mandhari yapigwe kwanza, studio ifuate. Anayepiga mandhari aandike daftarini urefu wa kamera, mwinamo wake, lenzi aliyotumia, umbali wa mahali mhusika atakaposimama, upande wa jua, saa, na joto la rangi. Apige pia fremu chache za mpira wa kijivu usiong'aa na mwingine unaong'aa kama kioo, ukishikwa pale mhusika atakapokuwa. Wa kwanza unaonyesha kivuli kinaanguka wapi na kwa ulaini gani, wa pili unaonyesha taa zote zinazomzunguka. Kipande hicho cha sekunde kumi kina thamani kuliko siku nzima ya kusahihisha rangi. Jua kali la juu haliigwi kwa taa laini ya pembeni, hata rangi zilingane vipi.

Kamera ikitembea, bandika alama za msalaba kwenye kitambaa, za kijani kilichokolea au kilichofifia kidogo kuliko chenyewe, ili zionekane kwa programu ya kufuatilia mwendo na zifutike kirahisi. Zisipite nyuma ya nywele. Na kama mandhari yana kina, ziwepo alama katika umbali tofauti, si ukutani peke yake, maana vitu vya karibu husogea kwa kasi kuliko vya mbali na programu inahitaji kuiona tofauti hiyo.

Kwa mafundi wenzetu wa kompyuta, maana nasi tuna makosa yetu: tuache kutafuta kinyago kimoja kinachofanya kila kitu. Tengeneza kimoja kigumu cha ndani ya mwili, kinachoziba matobo, na kingine laini cha ukingoni kwa ajili ya nywele, uviunganishe. Ukiona mstari mweusi mwembamba kuzunguka mtu, kagua kama picha imezidishwa kwa kinyago mara mbili: pikseli yenye nusu ikizidishwa tena kwa nusu inabaki robo, na hiyo robo ndiyo giza unaloliona. Linganisha weusi pia. Mtu aliyewekwa mbali, penye vumbi au ukungu, hawezi kuwa na weusi mzito kuliko mti ulio jirani yake.

Kuta kubwa za taa za LED zinazoonyesha mandhari papo hapo, zilizopata umaarufu kwa mfululizo wa The Mandalorian kuanzia 2019, zimeondoa baadhi ya matatizo haya. Mwanga wa mandhari unamfikia mwigizaji kikweli na miwani inaakisi kinachotakiwa. Hata hivyo zinataka mandhari yawe tayari kabla ya kurekodi na fokasi ikikaa juu ya ukuta, mistari ya ajabu ya mawimbi huweza kujitokeza kwenye picha. Daftari la urefu wa kamera na upande wa jua linahitajika huko pia, tena zaidi.

Neno kuhusu miguu. Sakafu ya kijani iwekwe pale tu miguu inapoonekana na ni lazima ionekane, kwa kuwa inamulika kijani kutoka chini, kwenye kidevu na ndani ya mikono, mahali pagumu kuliko pote kusafisha. Na ikiwekwa, kivuli cha viatu kisifutwe pamoja na kijani. Kivuli hicho kitolewe kama kinyago chake na kilazwe juu ya mandhari. Bila hicho mtu hasimami popote.

Ombi letu kwa wahakiki wa kurasa zenu za burudani ni kwamba wakiandika picha imebandikwa, waseme wameona nini: upeo umepita wapi, kivuli kimeelekea wapi, ukingo wa nywele ukoje. Mtayarishaji akisoma hivyo, katika filamu inayofuata atajua aongeze mita mbili za studio na saa moja ya kupanga taa, badala ya kuongeza wiki tatu za kompyuta.

Wenu,
Mafundi wa taa, kamera na uunganishaji wa picha